Maji Hayachachi

Asubuhi niliyoondoka Mandewa, kando ya mji wa Singida, sikuwa nimegombana na mtu. Nalisema hili kwa sababu dada yangu, niliyekuwa nikikaa kwake, aliulizwa na ndugu kwa miaka mingi alinikosea nini, maskini. Alikuwa amenituma sabuni. Dukani kulikuwa na sabuni za aina tano. Mwenye duka, ambaye miaka michache kabla alikuwa akitugawia kipande kimoja kimoja kwa foleni na kwa kujuana, sasa alikuwa akinibembeleza: nusa hii, nusa na hii, hii ina malimau. Nikazinusa zote. Nje lori lilikuwa limemaliza kupakia vitunguu, na utingo akanipigia mluzi.

"Unakwenda?"

Sikuuliza wapi. Nilipanda juu ya magunia na sabuni yangu mkononi.

Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la sita kwa namna hiyohiyo. Gari la chumvi liliharibika gia karibu na uwanja wetu wa mpira, nikakaa siku mbili nikimtazama fundi akilifungua, na lilipopona nikaondoka nalo. Nilitaka kujua gia inakaaje ndani. Nikishajua kitu nilikuwa nakichoka, na nikikichoka miguu inaanza kuwasha. Kufikia umri wa miaka ishirini na sita nilikuwa nimeponda kokoto, nimeuza mitumba, nimechunga ng'ombe wa watu na nimefagia mashine ya kusaga, na sikuwa na kitu cha kukiita changu.

Lori liliniacha Manyoni. Hapo nikadandia treni ya mizigo iliyokuwa ikishuka bondeni. Pale Kintinku ilisimama kupisha nyingine, na nikiwa nimekaa mlangoni mwa behewa nikamwona mzee mmoja aliyevaa kaki za reli zilizofifia, amesimama ndani ya dimbwi kubwa kando ya tuta, maji yamemfika mapajani, anamimina samaki wadogo kutoka kwenye dumu. Aliwamimina polepole, kama mtu anayemwagia mtoto maji kichwani. Nikashuka kwenda kumwuliza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika dumu hili."

Nikashika. Treni iliyotusubirisha ikapita, na yangu ikapiga honi ikaondoka. Nilikaa Kintinku miezi minane.

Watu walimwita Nyapara, na nami nitamwita hivyo. Alikuwa Mnyaturu wa Mtinko, na kwa miaka thelathini alikuwa amesimamia genge la reli, wale watu wa kukaza misumari ya mataruma na kujaza kokoto. Kisha ikaja barua kwamba amepunguzwa. Neno hilo lilimkera kuliko barua yenyewe. "Nywele ndizo zinazopunguzwa," alikuwa akisema. Akapewa kiinua mgongo, akatakiwa ahame nyumba ya genge, na shemeji zake, kaka za mkewe, Wagogo wa palepale, wakampa kiwanja cha kujenga vyumba viwili. Mkewe nilimwita Mama. Alikuwa na bustani ya mchicha, na alikuwa na makaburi mawili ya wanawe nyuma ya kanisa, na alikwisha kusema mapema kwamba yeye hahami.

Lile dimbwi lilikuwa shimo la zamani. Waliojenga tuta la reli walichota udongo hapo, na kila mvua ikinyesha linajaa. Siku hizo kila mtu alikuwa na wazo la biashara. Ilikuwa enzi ya ruksa; ukimwuliza mtu anafanya nini, anakujibu anajaribu. Nyapara akajaribu samaki. Alikwenda mwenyewe kwenye mbuga kubwa ya maji upande wa Bahi, akarudi na vifaranga vya perege kwenye madumu, safari baada ya safari, na ile niliyomkuta nayo ilikuwa ya mwisho.

Jioni ya siku ya kwanza nilimwuliza kwa nini asirudi kwao Mtinko, baba yake si alikuwa na shamba. Alikuwa akila. Akaacha kula.

"Baba alipofariki," akasema, "mvua ilikuwa imekata tuta hapo chini. Nilikuwa nalijaza siku sita. Nilipomaliza, mdogo wangu alikwisha kumzika baba peke yake. Sijakwenda tangu hapo. Yeye ndiye aliyelima lile shamba miaka yote. Leo niende na bakuli mkononi, niseme nini?"

"Useme umerudi," Mama akasema.

"Niseme naomba. Ndiyo neno lenyewe hilo, hakuna jingine." Akanitazama mimi, kwa kuwa mkewe alikwisha kuyasikia. "Na hapa nakula kwa shemeji zangu. Mwanamume hali kwa shemeji bila kuleta kitu. Samaki hawa wakifika Krismasi, ninavua, nauza kwa abiria wa treni, sitamwomba mtu. Si shemeji, si mdogo wangu."

Nilielewa, na nikalala. Sikujua kwamba mikono yangu ndiyo itakayoifanya sehemu kubwa ya kazi iliyofuata.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukata migunga. Ilizunguka shimo pande tatu, mikubwa, na wale ndege wa bluu wenye midomo mirefu walikuwa wakikaa juu yake na kujitupa majini kama jiwe, kila mara wakitoka na kifaranga cha perege. Nyapara alikuwa akiwahesabu wale vifaranga kwa moyo. "Wanyime kiti," akaniambia, "watakwenda kwingine." Nikakata yote kwa siku nne, na Mama akafurahi kwa kuni. Ndege wakaondoka kweli. Tulikaa ukingoni tukajipongeza, jua limetupiga utosini, na hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba jua hilo sasa linayapiga maji vilevile.

Kazi ya pili ilikuwa machicha. Kintinku pombe ya mtama hupikwa karibu kila siku, na ikishachujwa, yale makapi machachu yanayobaki hupewa nguruwe au kutupwa. Wapishi waliniachia bure. Kila asubuhi nilipita na ndoo mbili na mti begani, nikirudi nikinuka kilabu, na jirani yetu, mzee Mwislamu aliyekuwa akiendesha pampu ya maji ya stesheni, alinikwepa kwa makusudi.

"Pita mbali, kijana. Hao samaki wenu sitawala. Watanilevya."

"Samaki halewi, mzee."

"Wewe umemwuliza?"

Perege wakanenepa. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ndiko kulikotuponza. Kufikia mwezi wa saba ukirusha machicha maji yanachemka kwa migongo yao. Nyapara alikuwa akija na kiti, anakaa na kutazama kama mtu aliyekwenda sinema.

Mimi nilikuwa na swali langu, na lilinizuia kuondoka. Nilitaka kujua samaki anavuta nini kule chini. Nyapara akasema samaki hunywa tu. Jirani akakataa: "Samaki hana pumzi. Angekuwa na pumzi tungeamriwa kumchinja. Mbona ni halali kumla bila kuchinjwa?" Sikuridhika. Kila nilipopewa samaki wa kupasua kwa chakula nilifunua kile kifuniko cha pembeni mwa kichwa, nikatazama mashavu yake, yale yaliyopangwa kama kurasa za kitabu. Yalikuwa mekundu sana, mekundu kuliko nyama yoyote niliyowahi kuona buchani. Nikayagusa, kidole kikatoka na damu nyekundu vilevile. Damu nyingi hivyo imekaa karibu na maji hivyo, nikafikiri, haikukaa bure. Nikaishia hapo.

Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekatika mapema. Mwezi wa tisa shimo lilikuwa limeshuka hadi nusu, na wa kumi ukanda wa tope uliopasuka ukalizunguka lote. Ukiingiza mguu saa nane mchana unakuta maji ya vuguvugu, kama ya kunawia mgeni. Rangi yake ilikuwa ya chai. Mimi nikaendelea na ndoo zangu mbili.

Asubuhi moja, kabla jua halijachomoza, tuliwakuta perege wote juu. Walikuwa wamepanga vinywa vyao kwenye uso wa maji, mamia ya vinywa, vinafunguka na kufumba, vinafunguka na kufumba, na sauti yake ilikuwa kama ya mvua ndogo. Nilishtuka. Nyapara akacheka kwa furaha.

"Wanaomba," akasema. "Wameizoea saa ya chakula."

"Lakini, mzee, mbona hawakimbii? Nimewafika karibu."

"Wewe hujakaa na watu wa mbuga. Samaki hupanda juu kuvuta, ndiyo kawaida yake. Mwulize mtu yeyote hapa."

Nikawauliza. Wote walisema hivyohivyo, na hawakuwa wajinga. Samaki wanayemjua watu wa Kintinku tangu utoto ni kambale, anayekaa kwenye tope la mbuga, na kambale kweli hupanda juu akavuta hewa akashuka, kila saa, akiwa mzima kabisa. Walichokijua kuhusu kambale walimpa na perege. Na jirani, alipoambiwa, alikuja kujionea akiwa bado na kibarashia cha swala.

"Nyapara, samaki wako wamesilimu. Wanaamka alfajiri kunipita mimi."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kisha nikawamwagia machicha, ndoo mbili, na ya tatu kwa kuwa walikuwa wakiomba. Hawakula. Yakazama.

Mama ndiye aliyechovya kidole. Alikuja kutuletea uji, akasimama ukingoni, akavuta pua. Kisha akainama, akachovya, akaramba, kama anavyoonja unga wa uji uliolala.

"Maji yamechacha," akasema.

"Maji hayachachi, mama," Nyapara akamjibu. "Uji ndio unaochacha."

"Mimi nimechachua uji miaka arobaini. Yamechacha haya."

"Basi tuyakoroge tunywe!" Akanikonyeza. Mimi nikacheka tena.  Mama alichukua vikombe vyake akaenda, na katika mambo yote ya mwaka ule, kile kicheko changu cha pili ndicho ninachokikumbuka nikiwa peke yangu.

Siku mbili baadaye walielea wa kwanza, saba au wanane. Nilimchukua mmoja, nikafunua kifuniko. Mashavu hayakuwa mekundu. Yalikuwa ya rangi ya ini lililokaa, na damu iliyotoka ilikuwa nyeusi, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Nilimwonyesha Nyapara. Alitazama muda mrefu. Kisha akavaa shati lake zuri, akaenda stesheni kumtumia ujumbe bwana samaki wa Manyoni, yule ofisa wa serikali wa ufugaji wa samaki.

Bwana samaki alikuja siku ya tatu, kwa treni, na baiskeli yake ikiwa imepakiwa kwenye behewa la mizigo, ina pancha. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, amevaa miwani iliyofungwa kwa waya. Ofisi yake, alisema, ilikuwa na pikipiki lakini haikuwa na petroli tangu mwaka juzi. Akatoa kikaratasi kwenye kichupa, akakichovya majini, kikabadilika rangi. Akakitazama, akanitazama mimi na ndoo zangu.

"Mnawapa nini?"

"Machicha."

"Ya pombe?"

"Ya pombe."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kidogo yangefaa," akasema. "Mmemwaga ngapi?"

Nikaziweka ndoo chini. Mama alikuwa amesimama nyuma yetu na mikono kiunoni. Akasema, "Mwambie, bwana. Maji yanachacha au hayachachi?"

"Yanachacha, mama. Haya yamechacha."

Mama akageuka, akarudi kwenye mchicha wake. Ningependelea angesema kitu.

Bwana samaki akakaa kwenye kiti cha Nyapara na kutueleza, na nimeyabeba maelezo yake tangu siku hiyo, kwa kuwa yalikuwa jibu la swali langu na sikulifurahia. "Wewe ulikuwa reli," akamwambia Nyapara, "utanielewa. Damu ya samaki ni treni. Inapita kwenye mashavu kama inavyopita stesheni, inapakia hewa iliyomo majini, inakwenda kuishusha mwilini. Sasa, maji yakipata joto hayashiki hewa. Sufuria ikipashwa, si unaona vipovu vinatoka? Ndiyo hewa yake inakimbia. Kwa hiyo stesheni ina abiria wachache. Na joto hilohilo linamfanya samaki atake hewa zaidi, kama wewe ukikimbia. Hayo mawili angeweza kuvumilia. Lakini uchachu unaingia kwenye damu, na damu ikichacha inashindwa kuishika hewa. Wale abiria wachache wamesimama pale, treni imefika, na milango ya mabehewa haifunguki. Inaondoka tupu. Inazunguka, inarudi, inaondoka tupu."

"Na samaki?" nikauliza.

"Anahema upesi zaidi. Anapanda juu, pale maji yanapogusana na upepo, kwa sababu hapo kuna hewa kidogo zaidi. Alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote. Ukiwaona juu wamefungua vinywa, hawaombi chakula."

Nyapara alisema polepole, "Wanaomba hewa."

"Ndiyo."

"Na sisi tukawapa machicha."

Bwana samaki akatazama visiki vya migunga. Nadhani alikuwa akihesabu kivuli kilichokuwa pale zamani. Akavigeuzia mgongo, na kwa hilo nilimshukuru.

Tiba aliitaja: chokaa, maji mapya, kivuli. Chokaa haikuwepo. "Zamani ningeandika barua, ingekuja kwa treni. Siku hizi nikiandika, wananijibu kwamba ni soko huria, wafugaji wajinunulie. Jaribuni majivu, kidogokidogo, yatapunguza ukali. Maji mapya," akaitazama anga, nyeupe kama bati, "nyinyi ndio mnajua. Joto sina dawa yake." Akaziba pancha yake kwa gundi ya jirani, akanywa uji, akaondoka na treni ya jioni. Aliponipa mkono alionekana kama anayeomba radhi.

Tulijaribu. Niliacha ndoo za machicha nikabeba za majivu kutoka kwa wapishi walewale. Nilikata matawi mbali, nikayalaza juu ya maji tupate kivuli, jua likayakausha siku moja, majani yakadondoka ndani na kuanza kuoza. Tukaingia mimi na Nyapara asubuhi mbili mfululizo tukiyapiga maji kwa miti ili yachanganyike na upepo, tukavuruga tope la chini, ambako machicha ya miezi yote ile yalikuwa yamelala, na harufu iliyotoka ilitufukuza wenyewe. Kila tulichofanya kilikuwa na mkono wa pili uliokibomoa. Jirani alitufungulia pampu ya stesheni kwa siri, saa nzima, mpaka mkuu wa stesheni akaja. Yale maji ya saa nzima yalitanda pembeni mwa shimo, na perege wakakimbilia hapo wote, wakabanana, na yalipochanganyika wakatawanyika tena.

Kuna jambo moja tulilofanya likafanikiwa, na lilikuwa baya kuliko kushindwa. Mama alimwopoa perege mmoja aliyekuwa amelalia ubavu, akamtia kwenye beseni, akammiminia maji ya mtungi wake, maji baridi ya kisima yaliyolala ndani kivulini. Tulikaa watatu tukimtazama. Mwanzoni hakufanya kitu. Kisha kifuniko kikainuka, kikashuka. Nikakiinua kidogo kwa ncha ya ukucha, na nikaona kwa macho yangu ule weusi unavyopata wekundu, polepole, kama kaa linalopulizwa. Samaki akajigeuza, akasimama wima majini.

Nyapara akatazama beseni, akatazama mtungi, akatazama shimo.

"Mitungi mingapi?" akauliza.

Mama akafunika beseni kwa ungo.

Waliisha katika asubuhi tatu. Watu walikuja kutazama, wengine na vikapu, lakini kwa vile ilikuwa imesemwa kwamba wamekufa kwa uchachu hakuna aliyethubutu kuwala, na nguruwe tu ndio waliofaidi. Tulizika waliobaki kwenye mtaro. Ya nne tulipokwenda, maji yalikuwa kimya, na katikati kikapanda kichwa kipana chenye ndevu, kikavuta, kikashuka. Kambale. Alikuwa ameingia na mafuriko bila kualikwa, na Nyapara alikuwa akimwinda mwaka mzima kwa kula vifaranga vyake. Bwana samaki alikuwa ametueleza kwamba huyo ana kama pafu dogo, na hewa yake anaichukua juu na hategemei maji.

"Huyo hakupunguzwa," Nyapara akasema. Ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akitania.

Wiki nzima hakuna aliyetaja Mtinko. Shemeji zake walileta mtama debe moja, wakauweka mlangoni, wakaondoka bila kuingia ili wasimwaibishe, na hilo likamwaibisha zaidi. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amekaa na viatu miguuni. Mama alikuwa amemtoa perege wa beseni, yule mmoja, amempasua na kumkausha juu ya moshi, na sasa alikuwa akimfunga kwenye karatasi.

"Usiende mikono mitupu," akamwambia. "Ukishapata mahali, tuma neno."

"Utakuja?"

Akaukaza uzi wa karatasi kwa meno. "Tuma neno kwanza," akasema.

Mimi hakuna aliyenialika. Miguu yangu ilikuwa haiwashi hata kidogo, kwa mara ya kwanza, na ningeweza kukaa pale nikimsaidia Mama bustani. Lakini nilimwona yule mzee anavyolishika lile furushi, nikachukua begi lake. Treni mpaka Manyoni, lori mpaka Singida. Tulipita Mandewa mchana. Niliona bati la nyumba ya dada yangu na sikugonga bodi lori lisimame. Kutoka mjini tukapata gari la mahindi, likatushusha njia panda, na tukamaliza kwa miguu. Njiani Nyapara alikuwa akijaribu maneno. Nilimsikia nyuma yangu. "Ndugu yangu, nimekuja." Akaanza upya. "Ndugu yangu, unajua mambo ya kazi." Kisha kwa Kinyaturu, ambacho sikielewi vizuri, na hicho nacho kikamkatikia.

Jua lilikuwa limeshuka tulipofika Mtinko. Mdogo wake alikuwa uani anapepeta mtama, mtu wa makamo, mweupe kwa vumbi, sura ileile ya Nyapara isipokuwa imekaa juani mahali pamoja. Alimtambua kaka yake tulipofika kwenye uzio. Aliweka ungo chini. Nilidhani atatukasirikia, nikajiandaa. Lakini alifuta mikono kwenye suruali, akaja hatua mbili, akainamisha kichwa kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Nyapara akasema.

Hilo aliweza. Mkubwa huamkiwa, na akiamkiwa huitikia, hata akija vipi. Baada ya hapo alifungua kinywa, akafumba. Akafungua tena. Mdogo wake alikuwa akisubiri kwa heshima, kichwa bado kimeinama, na kadiri alivyosubiri ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu. Niliwahi kuwa mahali pengi pasiponihusu, lakini sikuwahi kuona mahali nilipohitajika namna ile. Nikatangulia mbele.

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Mimi nimemsindikiza. Tunaomba mahali pa kulala."

Mdogo wake akanitazama, halafu akamtazama kaka yake, na nadhani aliielewa safari yote hapo hapo. Nyapara akanyoosha furushi. Yule akalipokea kwa mikono miwili, akalifungua.

"Samaki wa wapi huyu?"

"Wangu," Nyapara akasema.

"Ni mmoja."

"Ni mmoja."

Akalifunga tena kama lilivyokuwa. Akasema habari za shamba zitazungumzwa wazee wa ukoo wakikaa, si leo, na kwamba chumba kilicho wazi ni kile cha vitunguu. Hakusema kwa ukali wala kwa upole. Akaniletea ufagio, nikasukuma magunia ukutani, nikatandika ngozi mbili za ng'ombe sakafuni. Chumba hakikuwa na dirisha, na vitunguu vilikuwa vipya, hewa nzito kwa harufu yake.

Nyapara akakaa kwenye ngozi, akavua viatu, akaviweka sambamba. Nilikuwa nikivuta mlango niufunge.

"Acha wazi," akasema.

Nikauacha.